Udongo Ulioganda

Gaithersburg, Jumatatu, 4 Januari 1999

Daftari hili ni la maabara, kurasa zake zina namba, na kila mtu wa jengo letu anatakiwa kuandika la kwake. Jerotich alinipa moja lililobaki akasema, "Andika kila kitu unafanya, Mzee Seba, usiache kitu." Basi naandika. Naitwa Sebastian, mzaliwa wa Kamachumu, Bukoba. Nimefika bandari kumi na saba za dunia hii nikiwa mpishi msaidizi kwenye meli ya Wagiriki, na katika kumi na sita nilipigana au nilipendwa. Ya kumi na saba tulifika Jumapili. Shule nilifika kidato cha pili. Si kwamba akili ilipungua, walimu ndio walichoka kushindana nami.

Kazi yangu hapa ni udongo. Unakuja kwa ndege kutoka kaskazini kabisa, ndani ya masanduku ya barafu, kutoka uwanja ambao jeshi limefanyia mazoezi ya mizinga miaka arobaini. Jina la uwanja nimetia saini kwamba sitalitaja hata kwa mke wangu. Naukausha, naupitisha kwenye chekeche, najaza vyupa, napeleka kwa wenye mashine za kupima baruti. Vipimo vikitoka vinakwenda kwa Jerotich. Huyo ni daktari, si wa sindano, wa hesabu. Mkenya, Mnandi. Wazungu wakisikia kwao wanamwuliza anakimbia mita ngapi, naye anajibu, "Nakimbiliaga basi tu." Kazi yake ni kuiambia kompyuta: hii hapa baruti iliyobaki ardhini, hii theluji, hii baridi, sasa niambie theluji ikiyeyuka sumu itakwenda wapi na itafika lini.

Maana chini ya uwanja ule kuna kijiji. Watu mia mbili na kitu, visima sita. Kompyuta inakiita Kipokezi Namba Tatu. Ripoti yetu ikisema maji ni salama, watu watakunywa. Ikisema si salama, wataletewa maji mengine kabla theluji haijayeyuka. Hiyo ndiyo kazi, mengine yote ni karatasi.

Jumatano, 6 Januari

Baridi. Vyupa thelathini na viwili. Hakuna la kusimulia, na mimi nikisema hivyo ujue kweli hakuna.

Ijumaa, 15 Januari

Mvua ya barafu. Miti imevunjika kote mpaka Rockville, umeme umekatika tangu jana. Bosi wetu, Bwana Pruitt, alinipigia simu nyumbani akilia kama mtu aliyefiwa: friji kubwa imezimika, udongo utayeyuka. Nikamwambia, "Bosi, nje kuna friji ya Mungu, haina waya." Nikatembea kwa miguu nusu saa nikianguka kila hatua ya tatu, nikatoa masanduku yote nikayapanga uwanjani kwenye kivuli. Pruitt alipofika alinikumbatia. Ana tumbo laini, mtu mwema.

Jerotich naye akaja, kajifunga skafu mpaka puani. Akachukua ndoo ya maji akaimwaga pale kwenye nyasi zilizoganda.

"Angalia, Mzee Seba. Yameingia chini?"

Hayakuingia. Yalikimbia juu ya ardhi kama yamemwagwa mezani, yakabeba majani na vumbi la barabarani, yakaenda moja kwa moja kwenye mtaro.

"Kule ni hivyo," akasema. "Miezi saba kila kitu kinalala kwa theluji. Halafu inayeyuka yote na wiki mbili, na ardhi bado ni jiwe. Chochote kiko juu kinaenda pamoja na maji. Kinateremka mpaka kwa changarawe ya mto, na hapo ndio wamechimba visima."

Nilimwuliza kwa nini hawakuchimba kwingine. Akasema walikuwa pale kabla ya mizinga.

Alhamisi, 28 Januari

Bwana Pruitt amesema mbele ya watu wote kwamba vyupa vyangu ndivyo vinavyolingana kuliko vya maabara yoyote aliyowahi kufanya nayo kazi. Ukipima cha kwanza na cha pili kutoka sehemu moja, jibu ni lile lile. Nimepewa karatasi yenye muhuri. Mke wangu Bupe ameibandika kwenye jokofu, chini ya picha ya Papa.

Jumanne, 2 Februari

Jerotich hali vizuri. Hesabu zake zinakataa. Udongo unasema sumu ni kidogo, kompyuta inasema visima vitabaki chini ya mstari mwekundu wa hatari, lakini kisima namba nne kilipimwa vuli iliyopita na kina mara tano ya kile kompyuta inachokitaka.

"Chota chumvi kidogo uongeze," nikamwambia.

Hakucheka. "Kosa liko kwangu, mzee. Udongo wako ni poa. Kuna kitu sijaelewa kuhusu hiyo barafu."

Pruitt anasema kipimo cha kisima ndicho cha kutupwa, labda mtu alichota kwa chupa chafu. Nami nikaona ana haki, nikamwambia Jerotich asijitese. Wasomi wana ugonjwa huo, kitu kikiwa rahisi hawalali.

Alhamisi, 11 Februari

Bupe ameniangalia vidole mezani. "Mbona vya njano?"

"Binzari."

"Nani kapika binzari nyumba hii?"

Mke wangu anahudumia wazee kwenye nyumba yao kule Germantown, anajua rangi zote za ngozi na maana zake. Nimemwambia atulie. Kichwa kinaniuma kidogo jioni, lakini hata Piraeus kiliniuma.

Jumatatu, 22 Februari

Vyupa vimekwisha. Mia nne na kumi na viwili. Hakuna aliyevunja hata kimoja isipokuwa mimi, viwili.

Jumatatu, 1 Machi

Ripoti imekwenda. Maji ni salama. Kisima namba nne kimewekwa kwenye maelezo ya chini kwa herufi ndogo kama mchanga. Pruitt alileta keki. Jerotich alikata kipande, akakizungusha kwenye sahani, akakirudisha.

Jumapili, 14 Machi

Naandika haya polepole, maana mkono hautaki.

Theluji imeanguka tangu alfajiri. Jerotich alikuja kula kwetu. Bupe alikuwa amepata mchele wa Kyela, mtu wa ubalozi alimletea kwenye begi, mchele wa kunukia mpaka majirani wanakohoa. Lakini ni mchele wa nyumbani, una mawe yake. Bupe alikuwa na zamu mpaka saa nane mchana, basi nikakaa mezani na sinia, nikaanza kuchambua. Jerotich akaketi mbele yangu na kikombe cha chai.

"Wewe mwanaume unachagua mchele?"

"Acha dharau, Daktari. Melini nilichambua magunia. Unasogeza hivi kwa kidole, mzuri huku, takataka huku. Jiwe likinitoroka mimi, hilo ni jiwe lenye baraka."

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza mwezi mzima. Na mimi mtu akicheka siwezi kunyamaza, hapo ndipo ugonjwa wangu ulipo. Nikasema, "Unadhani udongo wako unakuwa safi kwa nini? Wengine wanamwaga tu kwenye chekeche wanaponda. Mimi kwanza nauchambua kwenye sinia, hivi hivi. Natoa mizizi, natoa mawe, natoa vile vipunje vya njano vinavyogeuka vyekundu ukiviacha kwenye mwanga."

Akaweka kikombe chini.

"Vipunje gani?"

"Vile. Kama mtama. Vingine kama karanga."

"Unawekanga wapi?"

"Kwenye kopo la mawe. Likijaa namwaga kwenye pipa la taka."

"Hiyo ulifanya kwa chupa ngapi?"

"Zote," nikasema, na Mungu anisamehe, nilisema kwa majivuno. "Mia nne na kumi na mbili!"

Nilisikia theluji ikidondoka kutoka kwenye paa.

"Mzee Seba. Hizo si mawe. Hiyo ndio baruti yenyewe."

Akanieleza, akiangalia sinia, si mimi. Kombora likipasuka vibaya baruti haiungui yote. Inatawanyika vipande vipande juu ya theluji na ardhi. Udongo uliopo katikati ni karibu safi, sumu iko ndani ya vipande. Ndiyo maana maagizo yanasema ponda kila bonge, lipite lote kwenye chekeche, acha jiwe tupu peke yake.

"Hukusoma maagizo?"

Nilisema nilisoma. Sikusoma. Yalikuwa kurasa kumi na moja za Kiingereza. Nilisoma ya kwanza nikatia saini ya mwisho. Mama yangu alinifundisha kwamba kitu chochote kinachokuja na uchafu ndani yake unakichambua kwanza, na hakuna mtu aliyewahi kunilalamikia.

"Kisima namba nne," nikasema.

"Kisima kilikuwa kinasema ukweli."

Bupe aliporudi alikuta mchele nusu umechambuliwa, nusu haujachambuliwa, na sisi wawili tumekaa kama tuliokuja kwenye msiba. Akauliza nani amekufa. Jerotich akasema bado hajui.

Jumatano, 17 Machi

Kopo la mwisho lilikuwa bado lipo, sikuwa nimelimwaga. Jerotich alivaa glavu akavitoa vipunje kimoja kimoja, akavipeleka mwenyewe kwenye mashine. Majibu yametoka leo. Hakuniambia namba. Aliandika kwenye karatasi, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni, akaenda msalani akakaa muda mrefu.

Mimi nimenawa mikono mpaka imechubuka. Njano haitoki.

Alhamisi, 18 Machi

Tumeingia kwa Pruitt wote wawili. Niliongea mimi, Kiingereza changu cha melini. Nikamwambia kosa ni langu, nimechambua udongo, ripoti ni ya uongo, anifukuze kazi lakini aandike nyingine.

Hakunifukuza. Ingekuwa afadhali. Alivua miwani akasugua macho.

"Seb, sampuli ya kopo haina rekodi. Imetoka sehemu gani ya uwanja? Tarehe gani? Kina gani?"

"Sehemu zote."

"Basi haiwezi kutetewa. Mteja aliyeagiza ripoti ataiangusha kwa dakika moja, na sisi pamoja nayo. Tutaomba fungu la fedha la kuchukua udongo upya. Msimu wa joto, labda mwakani."

"Na theluji ya mwaka huu?" Jerotich akauliza.

Pruitt akaangalia picha ya binti yake pale mezani kama aliyetaka binti ajibu. "Ninyi wawili hamtawasiliana na mtu yeyote nje ya jengo hili. Mmetia saini. Tafadhali."

Alisema tafadhali, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa, ile ile aliyonikumbatia nayo siku ya barafu. Kumbe mtu anaweza kuwa mwema kwako na asiwe na wema wa kufika mbali.

Jumatatu, 22 Machi

Jerotich ameziweka namba mpya kwenye kompyuta bila ruhusa. Alinionyesha. Visima vitano kati ya sita vinapita mstari mwekundu, kile cha shule kinaupita mara tisa. Siku maji yatakapofika: ishirini na nne Aprili, siku zikiwa za kawaida.

Nilimwambia, "Basi piga simu!"

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki? Daktari mzima, unamwogopa yule mwenye tumbo?"

Hapo akanigeukia. "Visa yangu ni ya hii kampuni. Wakinifuta leo, naondoka nchi hii na mtoto wa dada yangu bado yuko hospitali Baltimore na insurance yangu. Nimeandikia Pruitt memo mbili. Nimeandikia mteja moja, hajajibu. Wewe unaniambia naogopa? Naogopa! Sasa?"

Nikaona aibu. Nikasema, "Mdogo wangu, kadi ya kuishi hapa ninayo, na wakinifukuza, vyupa vya kuosha viko kila mahali. Nipe namba ya simu ya kijiji. Nitapiga mimi. Mimi nimebishana na watu wa forodha wa nchi kumi na saba, sitashindwa na karani mmoja."

Akaiandika kwenye kipande cha karatasi. Ofisi ya halmashauri, inafunguliwa saa tatu asubuhi ya kwao, saa saba mchana ya kwetu.

Jumanne, 23 Machi

Leo sikupiga. Mstari wa wanaongoja kibanda cha simu ulikuwa mrefu pale nje ya dobi.

Jumatano, 24 Machi

Sikupiga. Runinga yote ni vita huko Ulaya, ndege zimeanza kudondosha mabomu. Nilikaa nikiangalia mabomu yanavyopasuka na kujiuliza mangapi yanapasuka vibaya.

Ijumaa, 26 Machi

Sikupiga. Mafua.

Jumatatu, 29 Machi

Nilishika simu, nikabonyeza namba zote isipokuwa ya mwisho. Nitasema nini? Nitaanza na habari za asubuhi? Nitasema mimi ni nani? Nilitia saini karatasi ya serikali. Kuna mtu wa Silver Spring alifungwa kwa karatasi ndogo kuliko hiyo. Nikarudi kazini nikawasimulia wenzangu hadithi ya nyani wa Mombasa aliyeiba kofia ya nahodha. Walicheka sana.

Alhamisi, 1 Aprili

Sikupiga.

Jumapili, 4 Aprili

Pasaka. Padri aliuliza kama tuna kitu mioyoni. Niliangalia viatu.

Jumanne, 6 Aprili

Jerotich amenisimamisha kwenye korido. "Wale watu walisema aje?"

Na mdomo huu, ambao haujawahi kukosa la kusema, ukasema, "Walishukuru. Wameshaagiza maji ya malori."

Akashika ukuta kwa mkono mmoja. "Walishukuru?"

"Sana. Mama mmoja alitaka kunitumia samaki."

Samaki! Hata hakuniuliza kuhusu samaki, mimi mwenyewe ndiye niliyewaongeza.

Jumamosi, 10 Aprili

Bupe alinipeleka mjini kuona maua ya miti yale ya Kijapani kando ya maji. Yalikuwa yanapukutika. Kulikuwa na joto, watu wamevaa kaptula. Bupe alisema nimekonda, akasema Jumatatu atanipeleka nipimwe damu. Mimi nilikuwa nahesabu tu, joto la hapa, joto la kule.

Jumatano, 14 Aprili

Jerotich alikuja kwenye beseni langu la kuosha vyupa, ameleta maandazi aliyopika mwenyewe, magumu kama matofali.

"Nimelala vizuri wiki nzima," akasema. "Hata nilienda kuona mtoto Baltimore nikamwimbia. Sababu ni wewe, kaka."

Tangu tujuane ananiita mzee. Leo kaka.

Nilikula maandazi matatu mbele yake. Alipoondoka niliyatapika.

Alhamisi, 15 Aprili

Saa saba na dakika nne mchana nimepiga.

Kibanda cha simu nje ya dobi, kadi mpya ya simu, mashine za kufulia zinanguruma nyuma yangu. Iliita mara sita. Akapokea mwanamke, sauti ya mtu mzima, akasema anaitwa Edna na ofisi imefunguliwa ila karani hayupo.

Nilikuwa nimejiandalia utani wa kuanzia. Haukuja.

Nikasema, "Mama, msinywe maji ya visima."

"Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye niliyetayarisha udongo wenu. Ule uliochukuliwa uwanjani mwaka jana. Niliuharibu. Ripoti waliyowatumia si ya kweli."

Nilitegemea atakata simu. Hakukata. Akasema, "Subiri nitafute kalamu." Kisha, "Sema polepole." Nikasema polepole. Baruti, vipande, theluji, visima vitano, cha shule kuliko vyote. Aliandika. Kila nilipomaliza sentensi alinisomea alichoandika, kama mwalimu, na hakukosea hata mahali pamoja.

"Maji yatafika lini?"

"Tarehe ishirini na nne. Kompyuta imesema."

Akavuta pumzi. "Bwana, theluji yetu ilianza kuyeyuka Jumatatu ya Pasaka. Mto umeshavunja barafu. Mwaka huu umewahi."

Mashine moja ya kufulia ilimaliza nyuma yangu ikapiga kengele. Mtu akaja kutoa nguo zake.

"Umejua tangu lini?" akauliza.

Nilitaka kusema jana. Neno lilikuwa tayari ulimini, jepesi kabisa, kama yote niliyowahi kuyasema.

"Tarehe kumi na nne Machi," nikasema.

Hakunitukana. Nilimsikia akiandika hiyo nayo, tarehe na mwezi.

"Tukichemsha?" akauliza.

"Hapana, mama. Haitoki kwa kuchemsha."

"Hata kwa muda mrefu?"

"Hata kwa muda mrefu. Maji yakipungua, sumu inabaki."

"Shuleni wameshakunywa chai ya asubuhi," akasema, si kwangu. Akaweka simu mezani bila kuikata. Nikasikia kiti kikisogezwa, viatu vizito kwenye sakafu ya mbao, mlango, upepo. Kisha nikamsikia akiita kutoka nje, kwa sauti kubwa kuliko nilivyodhani anayo, jina la mtu, jina jingine, jina jingine, nyumba kwa nyumba.

Sikukata. Nilisikiliza majina ishirini na moja, kisha kadi ikaisha.